Kipimo cha Julai

Mwaka wa kwanza walimfundisha kutazama kucha. Mwikwabe Ryoba alikuwa mrusha tufe kutoka Tarime, kilo mia moja thelathini na mbili bila kitambi, na mawakala wa Wafuachuma, klabu ya mpira wa Kimarekani ya Omaha, walimchukua kwa sababu ya mapaja yake, si kwa sababu ya akili yake. Yeye mwenyewe alidhani mchezo huo ni watu wanene kugongana. Kocha wa mstari wa ulinzi, mzee Pruitt, alimpigisha magoti nyasini miezi mitano, uso kwa uso na mzuiaji, yule anayemkinga mrushaji wa mpira, aliyeinama na kuweka mkono chini. Kucha zikigeuka nyeupe, Pruitt alisema, uzito uko mbele: wanakuja kukimbia na mpira juu ya kichwa chako. Vidole vikigusa nyasi kwa adabu, kama vya mtu anayeonja uji wa moto, anajiandaa kurudi nyuma na mpira utarushwa.

Mwaka wa pili ulikuwa wa mikono na nyonga. Alifundishwa kupiga kiwiko cha mtu kabla hajakushika kifua, na kugeuza nyonga ili mwili mzima upite kwenye upenyo usiomtosha mbuzi. Hakucheza mechi hata moja. Alikuwa kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wale ambao kazi yao ni kugongwa na wenzao siku za Jumatano ili Jumapili wenzao waonekane hodari. Alipoongea na dada yake Robi kwa simu alisema anaendelea vizuri, na Robi alimuuliza, kama anaendelea vizuri, mbona hawamwoni kwenye televisheni.

Mwaka wa tatu wakampa helmeti yenye Msomaji.

Siku ya kwanza Mwikwabe alikaribia kucheka. Alihenyeka miaka miwili kujifunza kucha na nyonga, na sasa sauti ndogo ya kike ilimnong'oneza sikioni, "Pasi," hata kabla hajainama sawasawa. Msomaji alitazama kwa kamera nne za mbele ya helmeti, akapima mtetemo wa ardhi kwa njumu za viatu, akalinganisha na kila picha ya mpinzani huyo iliyowahi kupigwa uwanjani tangu alipokuwa shule. Kisha alisema neno moja. Mbio. Pasi. Kulia. Kushoto. Mara nyingine aliongeza namba, na namba hiyo ilikuwa sehemu za mia za sekunde: tofauti kati ya upande wa kulia wa mwili na wa kushoto kuitikia mpira unapoanza kutembea. Mtu mzima wa afya ana mbili, ana tatu. Ligi iliruhusu, kwa kuwa kila klabu ilikuwa naye, na kitu kikiwa cha wote hakiitwi tena hila.

Mkataba ulikuwa na kifungu kimoja tu kilichoandikwa kwa herufi nzito. Anachokisema Msomaji ni mali ya klabu. Kukitoa nje ni kujifukuzisha.

*

Nafasi yake ilikuja Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya mchezaji wa namba yake kuteguka goti. Walikuwa Memphis, uwanja umejaa, jua la mchana limekaa upande mmoja, na mbele yake aliinama mzuiaji mwenye ndevu zenye mvi. Katika kuinama, Mwikwabe aliguna kwa Kiswahili, kama anavyoguna mtu anayeinua gunia. Yule mzuiaji aliinua macho.

"Weye uko mutu wa kwetu?"

Mpira ulitembea kabla Mwikwabe hajajibu, na alipozinduka alikuwa chali. Yule mtu alimnyooshea mkono, akamwinua kwa urahisi. Aliitwa Wilondja. Wazazi wake walitoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, yeye alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akahamishiwa Marekani akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na thelathini na nne, na huu ulikuwa msimu wake wa kumi na mbili. Yote haya aliyasema vipande vipande, kipande kimoja kila wanapoinama, huku akimtandika Mwikwabe chini katikati ya sentensi. Alikuwa akimwita mudogo yangu. Mwikwabe, ambaye tangu afike Omaha hakuwa amesikia mtu akimwita hivyo ana kwa ana, alijikuta anafurahi kupigwa.

Kisha, robo ya pili, Msomaji akasema, "Kushoto. Saba."

Mwikwabe alipita kushoto kwa yule mtu. Njia ilikuwa wazi kama mlango uliosahauliwa. Alimfikia mrushaji wa Memphis akamlaza chini, wenzake wakamrukia, na kwa sekunde kadhaa alifikiria televisheni ya Robi na hakufikiria kitu kingine. Mara iliyofuata ilikuwa nane. Ilipofika kumi, aliona kwa macho yake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu: mkono wa kushoto wa Wilondja ulichelewa kuinuka, kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini.

*

Wakati wa mapumziko Pruitt alikuwa mchangamfu. Alichora duara kwenye ubao, kisha akaweka mshale kushoto kwa duara. Alisema namba sitini na sita, yaani Wilondja, analala upande ule, na kipindi cha pili kizima watu wapite huko. Mwikwabe ampige bega la kushoto kwanza, ampige kwa nguvu, mlango ukishafunguka wengine wapite.

Mwikwabe alisubiri wenzake wainuke. Kisha akamuuliza kocha kuhusu jambo ambalo lilikuwa limembana tangu robo ya pili. Kwa wachezaji wa Omaha, Msomaji akihesabu sita juu ya kipimo cha mtu cha kabla ya msimu, taa nyekundu inawaka pembeni na mtu anatolewa, hata kama analia. Walifundishwa hivyo darasani, wakaonyeshwa picha za ubongo zenye doa jeusi linalokua.

"Kwetu sita ni ugonjwa," alisema. "Kwake kumi ni mlango?"

Pruitt hakukasirika. Aliketi kwenye benchi, akasugua magoti yake mawili ya chuma, akaonekana mzee kuliko dakika moja iliyopita.

"Wana daktari wao," alisema. "Wana Msomaji wao, kama sisi. Kama wao hawaoni kitu, mimi ni nani wa kuona? Nimekulea miaka mitatu, Mwikwabe. Nimewaambia watu wa juu kwamba utakuja kuwa mkubwa. Ukiwa na huruma na mtu aliye mbele yako, aliye mbele yako hana huruma na wewe."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomsumbua Mwikwabe. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

*

Robo ya tatu ilipoanza, Mwikwabe aliinama na kusema haraka, chini ya pumzi, kwa Kiswahili ambacho hakuna mwingine uwanjani aliyekielewa. Alisema kaka, mkono wako wa kushoto haukusikii. Mwambie daktari wako.

"Niko muzuri," alisema Wilondja. "Hapana niangalia mukono. Angalia mupira."

"Kumi na moja," Msomaji akanong'ona.

Mwikwabe alimwendea refa. Sheria ya ligi iliruhusu mchezaji yeyote, wa upande wowote, kutaja mtu asiyekuwa sawa. Ilikuwa sheria nzuri, imeandikwa vizuri, na hakuna aliyewahi kuitumia kwa mpinzani. Refa alishangaa. Aliuliza ameona nini. Mwikwabe alikumbuka herufi nzito za mkataba, akajibu kwamba amemwona anayumba. Basi. Alisema nusu akaimeza nusu, na mtu aliyemeza nusu ya neno hujiona ameshatimiza wajibu wake.

Wilondja akapelekwa kwenye hema la buluu pembeni mwa uwanja, kwa daktari wa ligi, mama mmoja mrefu aliyeitwa Lindqvist, asiye wa klabu yoyote. Dakika sita zilipita. Mashabiki wa Memphis walizomea. Kisha Wilondja akatoka akikimbia, helmeti kichwani, na uwanja mzima ukamshangilia.

Alipoinama tena, hakukuwa na mudogo yangu.

"Uliniuza," alisema.

"Daktari kasemaje?"

"Niko sawasawa na Julai. Weye hujui Julai? Wakubwa yako hawakukufundisha?"

Mwikwabe alijua. Kila Julai, kabla ya msimu, kila mchezaji hupimwa: miguu, mikono, macho, kukumbuka maneno. Kipimo hicho ndicho klabu na daktari wa ligi wanatakiwa kukitumia mwaka mzima kujua kama mtu amebadilika. Na kila mkongwe humfundisha mgeni jambo lilelile, kwenye foleni, kwa kunong'ona: chelewa. Kosea maneno mawili matatu. Vuta mguu. Ukiwa mzito Julai, Novemba ukiwa mzito kweli, mashine itasema hujabadilika na hakuna atakayekutoa. Mwikwabe mwenyewe alivuta mguu Julai ile, na alijiona mjanja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wazee, lakini hawa walikuwa wakificha maradhi ambayo hata hawajayapata bado.

Kwa wapinzani Msomaji hakufungwa na kipimo cha Julai. Msomaji wa Omaha alimpima Wilondja kwa picha zake zote tangu shule. Ndiyo maana uwanja mzima, mtu pekee aliyeijua hali ya Wilondja alikuwa yule aliyeajiriwa kumvunja.

*

Pruitt alimwita pembeni Omaha walipokuwa na mpira. Alimuuliza alimwambia nini refa, na Mwikwabe akamwambia. Kocha akasema daktari amemruhusu Wilondja, mambo yamekwisha, sasa afanye kazi yake.

Ilikuwepo njia nyingine. Mtu wa mstari akichoka, hujigonga utosini mara mbili kwa kiganja, na kocha humwingiza mwingine bila kuuliza. Ni haki ya kila mchezaji, ingawa mgeni anayegombea nafasi heri afe kuliko kujigonga. Waliporudi uwanjani, Mwikwabe aliinua mkono. Kiganja kilikuwa kimefika usawa wa sikio alipotazama pembeni na kumwona Brantley, mbadala wake, tayari amesimama, anafunga kamba ya helmeti. Brantley alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwili wa ng'ombe wa kulimia, na mwaka mzima alikuwa anaomba kupewa nafasi moja tu. Msomaji wake angemwambia kushoto, kumi na mbili, na angekwenda kushoto kwa furaha yote ya ujana.

Mwikwabe alijifuta jasho la sikio na kuushusha mkono.

Kwa hiyo alibaki. Akitoka, mikono yake ingekuwa safi na Wilondja angepigwa. Akibaki na kufanya alivyoagizwa, angempiga yeye. Lililobaki ni kubaki na kwenda kulia.

Na alikwenda kulia kwelikweli. Jambo hili alikuja kulieleza baadaye kwa watu wengi na wachache walimwamini: hakuachia mechi. Alipigana upande wa kulia wa Wilondja, upande mzima, mikono ikiwa kifuani kwa mtu na si juu ya mabega, kwa kila kitu alichofundishwa miaka mitatu. Alipiga kiwiko, akageuza nyonga, akasoma kucha. "Kushoto," Msomaji alisema. "Kushoto. Kumi na mbili." Sauti ilikuwa ileile, haikuchoka wala kushangaa. Mwikwabe alikwenda kulia akakuta ukuta. Mara moja tu, mwanzoni mwa robo ya nne, alikaribia kumpita mkongwe yule kwenye upande wake wenye nguvu, kwa mikono mitupu, na alijisikia vizuri kuliko alipomlaza mrushaji. Lakini karibu si kufika. Mara nyingine zote alilazwa, akaburutwa, akakanyagwa na mkimbiaji wa Memphis, na mashabiki wakaanza kuimba namba yake kwa dhihaka.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Memphis walipitisha mpira juu yake mara nne mfululizo, upande wa kulia, na mara ya nne wakafunga. Mechi ikaisha Memphis ishirini na nne, Omaha ishirini.

*

Pruitt alimsubiri kwenye njia ya chini ya jukwaa.

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia kila neno."

"Mara kumi na tisa alikuambia kushoto. Ungeniambia nikutoe."

"Ungemwingiza Brantley."

Pruitt alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na Mwikwabe aliona kwamba jibu limemfikia mahali fulani, ila pale mahali hapakuwa na cheo cha kuamua lolote. Mwishowe kocha alisema kesho saa nne asubuhi aje ofisini na kitabu chake cha mbinu. Hakuna mchezaji asiyejua maana yake. Ukiambiwa uje mikono mitupu, unaonywa. Ukiambiwa uje na kitabu, unakirudisha, na jina linafutwa mlangoni kabla hujafika kwenye gari.

Mwikwabe aliitikia. Alitarajia kuumia zaidi. Alimfikiria Robi, akaumia kwa ajili yake.

Mbele kidogo, kwenye korido, Wilondja alikuwa amesimama peke yake mbele ya mlango wa chumba cha kuhifadhia mabomba. Wenzake walipita nyuma yake wakiimba. Alishika helmeti kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia tu. Alipomwona Mwikwabe, uso ulimjaa furaha isiyokuwa na kinyongo hata chembe.

"Mudogo yangu," alisema. "Kipindi ya pili nitakulaza zaidi. Jitayarishe."

Mwikwabe hakubishana naye. Alipitisha mkono chini ya kwapa lake la kushoto, akasema twende huku kwanza, kaka, na Wilondja akaenda, mzito na mtiifu.

Dk. Lindqvist alikuwa mwisho wa korido, akifunga sanduku lake. Alipomsikiliza Mwikwabe, hakuwa mzembe. Alifungua kibao chake, akampima macho, akampima miguu, akasoma namba. Alisema anaelewa wasiwasi, lakini hakuna tofauti ya kumfanya aite gari. Namba ni zilezile za Julai.

Korido ilikuwa imejaa watu wa timu zote mbili, wamevua mashati, wamefunga barafu mabegani. Wote walikuwa wamevuta mguu Julai. Wengine walikuwa na watoto wanne na goti moja zima, na uongo ule ndio uliowabakisha kazini. Mwikwabe aliwaona, na alijua anachotaka kuwafanyia.

"Julai ni uongo," alisema. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha. "Tunachelewa makusudi. Wote. Mimi pia nilichelewa. Usimpime kwa Julai, mpime kwa mkono ule mwingine. Msomaji wetu amemhesabia saba mchana, na aliishia kumi na nne. Nimesikia mwenyewe."

Mtu mmoja wa Omaha, ambaye Mwikwabe alikula naye kila siku kwa miaka mitatu, alimwambia afunge domo. Mwingine alitupa barafu yake sakafuni. Dk. Lindqvist alizima kibao na kukiweka chini. Alimsogelea Wilondja, akamwambia ainue mikono yote miwili.

Wa kulia uliinuka. Walisubiri. Wa kushoto ukafika tumboni, ukasahau ulikokuwa ukienda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: simu, machela, mkasi wa kukata jezi. Watu waliachia njia, na walipoachia njia waliachia pia nafasi ya mkono mzima kumzunguka Mwikwabe, ambayo hakuna aliyeivuka. Yeye alitembea kando ya machela hadi kwenye gari, kwa kuwa Wilondja alikuwa amemshika kidole kwa mkono wake mzima na hamwachii.

"Tulishinda?" Wilondja aliuliza.

"Mlishinda, kaka."

Alilala akitazama dari la gari, akitafuta kitu kichwani kwa shida.

"Na weye ulicheza?"

"Nilicheza. Nilikuwa mbele yako mchana kutwa."

Wilondja alimgeuzia uso, akamkagua polepole, kucha, mikono, mabega, kama anavyokagua mtu wa mstari. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mkubwa kwa mdogo wake.

"Basi ulicheza mubaya," alisema. "Sikukusikia hata kidogo."

"Ndiyo, kaka," alisema Mwikwabe.